Uvimbe wa pituitari: kamera, hadubini au kufungua fuvu? Na pua inaponaje?

Mpwa wa Ngamiani
Shikamooni wakubwa, wenzangu habari zenu. Shangazi yangu kakutwa na uvimbe kwenye tezi ya pituitari, ile tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, milimita 23 kwa kipimo cha MRI. Mbele anaona, pembeni haoni. Mara mbili kakoswakoswa na baiskeli akivuka Barabara ya 12, na mnajua Tanga yetu kwa baiskeli. Tulipoteza miezi kwa kubadilisha miwani. Sasa Dar wanasema apasuliwe kupitia puani. Mmoja kataja kamera, mwingine hadubini, na jirani anatutisha kwa habari za kufunguliwa fuvu. Shangazi ni mpishi wa shughuli. Chumvi ya pilau anaijua kwa mvuke, haonji. Kisu hakiogopi, anaogopa kupoteza harufu. Waliopitia, tusaidieni.

Mwalimu wa Pongwe
Pole sana, ndugu yangu. Mimi nilifanyiwa ya kamera. Kichwa hakikuniuma nilivyodhani, pua ndiyo iliyonitesa. Wiki mbili za mwanzo nilipumua kwa mdomo, nikiamka ulimi umekauka kama kipande cha gome. Halafu ukaja ukoko, mweusi, mgumu, umeng'ang'ania ndani. Usimwache aubandue kwa kidole! Mimi niliubandua, damu ikatoka hadi kanga ya mke wangu ikalowa. Kilichonisaidia ni kusafisha pua kwa maji ya chumvi kila siku, kama daktari alivyonielekeza. Kwenye wiki ya saba hivi nilipita kwa muuza kahawa, nikasikia tangawizi. Nilisimama pale pale nikalia.

Nesi mstaafu, Raskazone
Mwanangu, kabla ya yote: prolaktini ya damu wamepima? Uvimbe unaomwaga homoni hiyo mara nyingi hutibiwa kwanza kwa vidonge, kabagolini au bromokriptini, nao husinyaa bila kisu. Muulizeni daktari waziwazi.

Kama ni kisu, njia ya puani si ngeni. Hermann Schloffer aliifanya Innsbruck, Austria, mwaka 1907, akiigeuza pua nzima pembeni. Siku hizi hakuna kovu usoni. Kwa hadubini, tundu la pua hutanuliwa kwa chombo cha chuma na daktari huona mbele moja kwa moja. Kamera ni kijiti chembamba, kwa kawaida milimita 4. Kinaingia hadi ndani na kuangalia kona ambazo hadubini haizifikii. Lakini mara nyingi hutumia matundu yote mawili, na sehemu ya nyuma ya ukuta wa pua hukatwa, ndiyo maana ukoko unakuwa mwingi. Kufungua fuvu hubaki kwa uvimbe uliotambaa pembeni au juu mahali pasipofikika kwa puani.

Mimi ningemtazama zaidi mkono wa daktari kuliko chombo. Anayefanya kila wiki kwa hadubini ni bora kuliko anayejifunza kamera kwa shangazi yako.

Dereva wa Makorora
Baba yangu zamani alipitishiwa chini ya mdomo wa juu, kwenye ufizi. Pua haikumsumbua sana, ila meno ya mbele yalikufa ganzi muda mrefu. Akila embe hajui kama limeshika jino.

Mpwa wa Ngamiani
Asanteni mno. Bibi nesi, daktari alitaja pia "kipande cha nyama ya pua" cha kuziba. Ni nini?

Nesi mstaafu, Raskazone
Ni utando wa ukuta wa pua, hukatwa ukiwa bado na mshipa wake wa damu, ukalazwa pale palipotobolewa ili maji ya ubongo yasivuje. Unaokoa maisha, ila pale ulipotolewa panachelewa kupona na harufu inaweza kupungua. Hapo ndipo pa kuuliza kwa ajili ya mpishi: utahitajika kweli, na ukikatwa, sehemu ya juu ya kunusia itaachwa?

Akirudi nyumbani asipenge kamasi, asijikamue chooni, chafya aitoe mdomo wazi. Maji ya kusafishia yachemshwe, yapoe. Akiinama yakadondoka puani maji yasiyo na rangi, yenye chumvichumvi, au akishikwa na homa na shingo kukakamaa, usiku huo huo hospitali. Mkojo mwingi na kiu isiyokatika, vivyo hivyo.

Mpwa wa Ngamiani
Nimeyaandika yote kwenye daftari la shangazi la hesabu za mchele. Prolaktini hawakupima, Jumatatu tunaanza na hiyo. Anauliza, kama ni kisu, harusi za Shaabani atasimama jikoni?

Mwalimu wa Pongwe
Miezi mitatu kuni asizisogelee, moshi utamkausha pua. Akae kitini, mabinti wakoroge, yeye aelekeze.