Uzee ulianza kukuingilia wapi: macho, magoti au kichwa? Tupeane uzoefu

Mwalimu Mstaafu (Tanga):
Wakuu, habari za jioni. Nina 64, nilistaafu kwa mujibu wa sheria. Jumamosi nilikuwa soko la Mgandini nachagua nazi, mama mmoja akanisimamia: "Shikamoo mwalimu!" Nikamjua papo hapo. Darasa la saba, dawati la dirishani, mwandiko umelalia kushoto, baba yake alikuwa mtu wa reli. Jina sasa! Liko ulimini, halitoki. Nikawa namwita "mwanangu" mpaka tukaagana, na nazi nikasahau palepale mezani.

Cha ajabu, nikimsahihishia mjukuu insha naona makosa ambayo enzi zangu kazini ningeyapita. Kwa hiyo nauliza wenye umri: nini kilitangulia kuondoka, na nini kimebaki au kimeongezeka? Ila asije mtu na "ni uzee tu". Hiyo nimeshapewa hospitali, bila hata kupimwa.

Dereva wa Zamani (Morogoro):
Shikamoo mwalimu. Mimi macho. Nilikuwa navuta semi, Dar–Tunduma. Nilipofika 43 hivi, hati ya mzigo nikawa naisoma nimeinyoosha mbali, mpaka mkono ukawa mfupi. Nikanunua miwani ya kusomea, yakaisha. Hilo ni la kila mtu, lenzi ya jicho inakakamaa.

Shida ilikuja kwenye 58. Usiku nikipanda Kitonga, taa za gari linaloshuka zinapasuka kama maua, sioni ukingo wa barabara. Miaka miwili nikajiambia umri umeenda. Sikumwambia hata turnboi wangu. Siku nimekwenda kupimwa, kumbe mtoto wa jicho. Wakatoa lenzi iliyofifia, wakaweka ya bandia, jioni nikarudi nyumbani. Kesho yake ndiyo nikajua ukuta wa sebuleni ni mweupe, mimi nilikuwa naujua wa njano.

Mla Kete (Unguja):
Mie masikio. Mzee mwenzangu akinena barazani namsikia vizuri, lakini wajukuu na sauti zao nyembamba, naona midomo tu inacheza. Naulizwa habari ya samaki, najibu habari ya msikiti. Watoto wakaanza kunong'onezana kuwa baba kachanganyikiwa. Nikawa sikai nao tena. Hapo ndipo pabaya zaidi, maana usipozungumza na watu hata hicho kichwa kinalala.

Kwenye bao, lakini, njooni. Mashimo 32, kete 64. Vijana wanahesabu kete upesi kunishinda, nakiri. Mie sihesabu sana siku hizi, nauona mchezo. Nikiitazama nyumba ya mtu, lile shimo lake kuu, ilivyojaa najua atatakata wapi, yaani atasambaza kete bila kula. Akinikimbiza hunifunga. Akiniacha nifikiri, anaondoka na aibu yake.

Bodaboda 27:
Mimi nina 27 na wiki hii nimesahau nywila ya simu mara tatu. Nihesabiwe?

Mwalimu Mstaafu:
Kaa pembeni mjukuu, usome.

Nesi wa Wodi:
Naomba niseme jambo moja kama muuguzi. Kupungua polepole na kubadilika ghafla ni vitu viwili. Mzee aliyekuwa sawa juzi, leo anaongea na marehemu ukutani, huyo mleteni hospitali leo hii. Uzeeni kiu inapungua, mtu anakaukiwa maji wala hajisikii kunywa. Maambukizi ya mkojo yanaweza kumvuruga akili bila homa wala maumivu. Malaria nayo, au dawa mpya aliyoanzishiwa.

Tulimpokea bibi mmoja, wanawe walishaanza kunong'ona habari ya shamba. Siku ya tatu ya dripu na dawa za sindano akaketi kitandani, akauliza mbuzi wake kaachiwa nani. Wote kimya.

Na wenye sukari mnaomeza metformin miaka mingi, ulizeni kuhusu vitamini B12. Ikipungua, kumbukumbu inayumba, na hiyo inatibika.

Binti wa Magu:
Nimesoma huku nalia. Mama yangu ana 76. Majina alianza kusahau zamani, hatukujali. Siku moja nikamkuta jikoni kabandika sufuria kavu, ndani kamimina unga, kakaa anasubiri uchemke. Mama aliyesonga ugali tangu akiwa na miaka tisa. Nikajua hapa hapana.

Kisha akaanza kutoka usiku. Huku kwetu mnaelewa maana yake: kikongwe, macho mekundu kwa moshi wa samadi, anaonekana saa nane za usiku kwenye boma la watu. Wazee wameshauawa kwa dalili hizo. Nilikwenda kwa mwenyekiti wa kitongoji na kwa kila jirani, nikawaambia mama ana ugonjwa wa ubongo unaitwa dimensia, mkimwona mnipigie. Daktari aliniambia utafiti wa wilaya ya Hai, Kilimanjaro, ulikuta takribani watu 6 kati ya 100 wenye miaka 70 na zaidi wanao. Basi hata kwetu wapo, ila wanaitwa jina lingine.

Kiswahili kimemtoka, anaongea Kisukuma tu. Mimi ananiita kwa jina la dada yake aliyefariki. Mwanzoni nilikuwa namsahihisha, anakasirika, analia. Sasa naitika. Jioni tukipepeta mchele mikono yake haikosei hata punje, ananitolea mimi mawe.

Mwalimu Mstaafu:
Binti wa Magu, pole sana mwanangu. Nesi, kesho natafuta pa kupimwa hiyo B12, sukari ninayo tangu 2011 na sijawahi kuulizwa.

Kuhusu lile jina, limenijia lenyewe saa tisa usiku nikienda kukojoa, bila kulitafuta. Nikafurahi, nikarudi kulala. Sikuliandika. Asubuhi limeshaondoka. Linaanza na M, hapo nina uhakika.