"Imeshindikana kufungua kiolesura": nimechoka na ujumbe huu!

Wakuu, nimekasirika na sitaficha. Programu tunayotumia kazini kunasa pakiti (vipande vya data vinavyopita mtandaoni) ikigoma kuanza, inatoa mstari mmoja tu: "Imeshindikana kufungua kiolesura." Basi! Huna ruhusa? Umekosea jina la kiolesura (kadi ya mtandao, kwa mfano)? Kimezimwa? Haisemi. Watu wanaishia kubahatisha, na cha kwanza wanachojaribu ni kuiendesha programu nzima kama root. Yaani msimbo unaochambua pakiti kutoka kwa yeyote aliyeko mtandaoni unakabidhiwa mamlaka yote ya mashine, wakati kwenye Linux ingetosha kuipa CAP_NET_RAW, ruhusa ya kugusa pakiti ghafi tu.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba jibu lilikuwepo. Chini yake kuna libpcap, maktaba inayofanya kazi yenyewe ya kunasa, na libpcap inatofautisha haya yote. Ukiita pcap_activate, fanksheni yake ya kuanzisha kunasa, bila kuwa na ruhusa, inarudisha -8. Kifaa hakipo, -5. Kiolesura kimezimwa, -9. Namba chanya ni onyo tu, kunasa kunaendelea. Kisha pcap_geterr huweza kukupa na maneno ya ziada. Nimefungua msimbo wa hii programu yetu, nikakuta hivi:

if (rc != 0) return NULL;

Hiyo rc ndiyo namba ya libpcap, na NULL maana yake "hakuna kitu". Namba imetupwa palepale! Hata onyo linahesabiwa kosa. Anayeandika ujumbe huko juu ameachiwa NULL, sasa atamwambia nini mtumiaji?

Na msiniambie ni suala la kubadilisha maneno. Faili hilohilo moja linasoma vigezo, linafungua kiolesura, linaandika diski na kuchora dirisha, huku #ifdef (alama za kuchagua msimbo wa kila mfumo) za Linux, Windows na macOS zikiwa zimesokotana kama nyavu zilizotupwa pwani. Kipande cha kufungua kiolesura kimenakiliwa kwa kila mfumo. Wakirekebisha ujumbe wa Linux, wa Windows unabaki ulivyokuwa. libpcap yenyewe imetenganisha: pcap-linux.c ya Linux peke yake, pcap-bpf.c ya mifumo kama macOS peke yake, na anayeiita haoni tofauti. Mfano wanao mkononi!

Kufungua faili nako ni yaleyale. Diski ikijaa katikati ya kunasa, pakiti ya mwisho inakatika. libpcap inakwambia ilitaka baiti ngapi ikapata ngapi, na pakiti zote za kabla ya hapo ni nzima. Programu hii inasema "Faili si sahihi" na kuzikataa zote. Ushahidi wa tatizo ulilolisubiri usiku kucha, unaambiwa si sahihi!

Ninachodai: fanksheni moja ya kufungua kiolesura, irudishe namba pamoja na maneno ya libpcap bila kuyameza, na sehemu moja tu ya kuyageuza kuwa ujumbe unaotaja jina la kiolesura, sababu na hatua ya kuchukua. Anzeni na huo mstari wa return NULL. Na kama kuna aliyewahi kutuma rekebisho la namna hii likakataliwa, aweke hapa sababu alizopewa.