Naomba ushauri: ordonansi (karatasi ya daktari ya dawa) ya presha kila mwezi, ni lazima?

Ndugu zangu, mama yangu mwenye umri wa miaka 67, ninayeishi naye Bagira, hapa Bukavu, anatumia amlodipini kwa ajili ya presha, na kwa zaidi ya mwaka sasa vipimo vyake vimetulia. Hata hivyo, kituo anakotibiwa humwandikia dawa za siku 30 tu, hivyo kila mwezi hupanda gari hadi Ibanda, hulipia fishi (kadi ya mgonjwa) upya, hupanga foleni tangu asubuhi na mapema, na mara nyingi hurudi na karatasi ileile bila hata kupimwa presha, jambo ambalo ndilo linaloniudhi zaidi.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 unashauri mgonjwa aonwe kila mwezi mpaka presha ifikie kiwango kinacholengwa, kisha kila baada ya miezi 3 hadi 6. Je, kuna mwenzetu aliyefanikiwa kumwomba daktari ordonansi ya miezi 3, na alizungumza naye vipi bila kuonekana anamfundisha kazi? Aidha, ni heri kununua dawa zote kwa pamoja, au kuchukua za mwezi mmoja mmoja katika farmasi kwa karatasi hiyohiyo? Pesa zetu, kusema kweli, haziji kwa mkupuo.