Deraya ya sponji kwa kongamano la mashabiki Westlands: gundi, rangi na hewa ndani ya helmeti

Sponji_Umoja:
Wadau, habari zenu. Natengeneza deraya ya askari wa anga za juu ya kuvaa kwenye kongamano la mashabiki wa hadithi za kisayansi, ukumbi uko Westlands, Nairobi. Natumia mikeka ya sponji ya EVA, ile ya watoto yenye meno ya kuungana, sm 60 kwa 60, unene mm 10. Kifua hakifungi mgongoni ingawa vipimo ni vya mwili wenyewe, gundi ya vijiti vya kuyeyushwa kwa moto inaachia, rangi inapasuka begani, na kioo cha helmeti kinashika ukungu mara tu ikivaliwa. Usafiri ni matatu. Nirekebishe vipi bila kuanza upya?

FundiDeraya:
Karibu. Tuanze na kifua, maana hapo wengi hudhani mkono wao ndio mbovu kumbe ni hesabu. Mkeka ukikunjwa kuzunguka mwili, upande wa ndani hubanwa na wa nje huvutika. Urefu usiobadilika ni wa katikati ya unene. Kwa mm 10, hiyo ni nyongeza ya sm 3 hivi kwenye mzunguko (2 × 3.14 × sm 0.5). Ongeza sm 3 au 4 nyingine za nguo na pumzi. Usitupe ulichokata: pasua chini ya makwapa yote mawili, tia kipande cha nyongeza kila upande, kisha ufiche mshono kwa ukanda wa sponji nyembamba.

Gundi ya vijiti hulainika kwa joto, na mwili uliofungiwa ndani ya sponji una joto la kutosha. Nunua gundi ya manjano ya mafundi viatu, Kariokor hukosi. Paka safu nyembamba pande zote mbili, ngoja dakika 10 hadi 15 mpaka kidole kisinate, ndipo ubandike. Ukiunganisha ingali mbichi, mvuke wa gundi hufungiwa ndani na kiungo hubaki laini kwa siku nzima. Msimu wa baridi wa Julai ngoja zaidi. Ikishashikana haisogei tena, kwa hiyo anza mwisho mmoja ukielekea mwingine, usishike katikati. Fungua madirisha, na jiko lolote liwe limezimwa: mvuke wa gundi unawaka.

Tahadhari moja: kama helmeti ina sehemu za stairofomu, yale maboksi meupe ya kufungia televisheni, gundi hiyo itaziyeyusha. EVA haina shida.

Kisu kiwe kipya. Wembe butu hurarua sponji badala ya kuikata, na ukingo uliochanika hakuna rangi itakayouficha. Pembe za deraya kata mshazari, nyuzi 45 kila upande, zikutane bila mwanya.

Rangi: pitisha mashine ya hewa moto juu ya uso wa sponji, mkono ukitembea muda wote, mpaka uanze kung'aa kidogo. Vitundu vimejifunga hapo. Kisha gundi nyeupe ya seremala iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, safu tatu au nne, kila moja ikauke kabisa. Ndipo rangi ya kupuliza, kutoka sm 25 hivi, kwa mipulizo myepesi.

Mshonaji_Eastlands:
Nakubaliana na FundiDeraya kwenye yote isipokuwa gundi ya seremala begani. Ikikauka inakuwa ngumu. Kwenye kifua na mapaja sawa, hayakunjiki. Bega, kiwiko na goti hujikunja kila hatua, na huko ndiko rangi ya mwuliza swali inakopasuka. Sehemu hizo ziba kwa rangi ya akriliki inayonyumbulika, safu nyembamba nyembamba. Ile iliyopasuka tayari ikwangue kwa msasa mwepesi hadi kwenye sponji kabla ya kurudia. Ukipaka juu ya nyufa, nyufa zitarudi.

Kuhusu matatu: kila kipande kiwe na mkanda na bizimu za plastiki kama za mikoba. Pakia kila kitu kwenye gunia kubwa la nailoni, vipande vidogo ndani ya vikubwa, uvalie ukumbini. Kifua na nyonga viwe vipande viwili tofauti, kwa sababu chooni utaenda, na foleni ya choo siku hiyo haina huruma.

Rezista100:
Helmeti sasa. Ukungu ni pumzi isiyo na pa kutokea. Nenda Luthuli Avenue, ununue feni mbili ndogo za mm 40, za volti 5. Moja iwe kidevuni ikiingiza hewa, nyingine juu kisogoni ikitoa, maana hewa moto hupanda. Zote mbili zikiingiza, unajipulizia joto lako tu. Kioo chenyewe kipake tone la sabuni ya vyombo kwa ndani, usugue kwa kitambaa kikavu mpaka kisionekane.

Umeme utoke kwenye pawabanki: kata waya kuukuu wa USB, tumia nyekundu na nyeusi, zile nyingine zifunge kwa tepu. Ukitaka na taa za LED, kila taa iwe na rezista yake, kile kijidude cha kupunguza umeme: ohmu 100 kwa nyeupe au buluu, 150 kwa nyekundu. Taa kadhaa zikigawana rezista moja, moja huwaka kuliko wenzake na kufa mapema.

Pawabanki nyingi hujizima zikihisi mzigo mdogo. Taa mbili tatu peke yake zitazimika kila baada ya muda; ziunge pamoja na feni. Feni mbili na taa sita hutumia kama wati 2, kwa hiyo pawabanki ya mAh 5000 itakufikisha saa sita au saba.

Sponji_Umoja:
Asanteni sana. Je, bunduki ya sponji itapita mlangoni?

Mshonaji_Eastlands:
Soma masharti ya waandaaji kwanza, wengine hawaruhusu kabisa. Wakiruhusu, iwe ya sponji tupu bila bomba la chuma ndani, maana mlangoni kuna kifaa cha kukagua chuma. Ncha ipake rangi kali ya chungwa. Na njiani isichungulie nje ya gunia hata kidogo, si stejini, si ndani ya matatu. Aliye mbali hawezi kujua ni sponji.