Naomba ushauri: nitawapataje wenzangu wa kujifunza nao Python (lugha ya kuandikia programu za kompyuta) hapa Mwanza?

Wakuu, habari za jioni. Nipo Nyegezi, huu ni mwezi wa nne tangu nianze kujifunza Python, kwa laptopu ya kuazima. Masomo si shida, YouTube yamejaa. Shida ni kuwa peke yangu. Juzi nimekesha na kosa moja, kumbe mstari mmoja una nafasi nne mwanzoni, unaofuata una tatu, na Python inataka zilingane! Mtu wa pembeni angeliona papo hapo.

Magrupu ya WhatsApp nimeingia matatu. Wiki ya kwanza moto, ya pili ni matangazo ya mikopo tu. Dar wenzetu wanakutana, ila nauli ya huko si ya kila Jumamosi jamani.

Nataka watu watatu au wanne tu, tutengeneze kitu kidogo, mfano programu ya hesabu za kikoba cha mama (daftari lake limeshalowa chai mara mbili). GitHub (tovuti ambako waandishi wa programu huweka kazi zao) inaruhusu kutafuta watu kwa mji, na wa Mwanza wapo, ila naona haya kumwandikia nisiyemjua. Nianzeje? Au nikabandike karatasi pale chuo kikuu cha SAUT, ingawa mimi si mwanafunzi wao?