Tupeane uzoefu: kazi ya chuo kikuu uliipataje, ya kufundisha au ya maabara?

Wakuu, habari za jioni. Mdogo wangu kamaliza shahada ya uzamili na anataka kubaki chuoni, afundishe na kufanya utafiti. Sitaki apite nilikopita mimi.

Nilimaliza shahada ya kwanza na GPA (wastani wa alama) ya 3.9. Nafasi ya ukufunzi msaidizi, ile tunayoiita TA, inataka 3.8, nikajiona niko salama. Miezi minane kila asubuhi nafungua Ajira Portal, tovuti ya serikali ya kuombea kazi. Tangazo likatoka, nikaomba usiku wa mwisho nikiwa na karatasi ya matokeo tu, kwa sababu cheti sikuwa nimekifuata chuoni. Jina halikutokea kwenye usaili. Tangazo lilisema wazi kwamba karatasi ya matokeo haipokelewi. Mwaka mzima ukaenda hivyo, na bado unaniuma.

Karibuni.

mama_shamba: Pole sana, kaka. Mimi nilianzia SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo pale Morogoro, kwa kukusanya data vijijini, posho ya siku, hakuna mkataba. Nilihakikisha kila fomu inarudi imejaa, hata nikirudi kwenye kaya ile ile mara tatu. Mradi mwingine ulipotafuta msaidizi wa utafiti, tangazo likabandikwa kwenye ubao wa idara na kurushwa kwenye grupu la WhatsApp la wahitimu. Siku saba limefungwa. Ajira Portal halikufika kabisa, maana ajira ile ilikuwa ya mkataba wa mradi.

Mdogo wako apite idarani aulize ni mtafiti gani kapata ruzuku. Fedha ikiingia, watu watahitajika: wasaidizi wa utafiti, mhasibu, mratibu, fundi wa maabara, hata dereva. Mimi sasa niko mkataba wa tatu. Ubaya wake ni kwamba mradi ukiisha, mshahara nao umeisha, na hilo alijue mapema.

Darubini: Upande wa maabara, mimi nilipita Sekretarieti ya Ajira, wale wanaoajiri kwa niaba ya serikali. Mchujo wa kuandika, kisha vitendo, kisha mahojiano. Nafasi mbili, nikawa wa tatu. Nililia. Kumbe waliofaulu wakakosa nafasi majina yao hubaki kwenye kanzidata, na miezi mitano baadaye nikapangiwa kituo. Kwa hiyo asikate tamaa asipoliona jina lake kwenye orodha ya kwanza, na namba yake ya simu asiibadilishe.

Kapteni77: Bila mtu wa ndani mnajisumbua.

mama_shamba: Ndugu yangu, mimi ni mtoto wa mkulima na sikuwa na mtu. Nilijulikana kwa zile fomu.

msomi_wa_mbali: Nyongeza kwa waliosoma nje: cheti kipelekwe TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) kitambuliwe kabla tangazo halijatoka, usisubiri. Majina pia yafanane. Cheti changu cha kidato cha nne kilikuwa na jina moja tofauti na la kitambulisho cha taifa (NIDA), nikalazimika kufanya hati ya kubadili jina kwa wakili na kuisajili. Na kwa uhadhiri msaidizi, jiandae kufundisha mbele ya jopo. Nilipewa mada, nikasimama ubaoni nikafundisha kama darasa limejaa.

Mwanzisha uzi: Asanteni mno. Dada mama_shamba, huyu kasoma sayansi ya udongo, GPA 4.2. Kesho asubuhi anapanda basi la Morogoro, aanzie ofisi ipi?

mama_shamba: Aanze kwa msimamizi wa tasnifu yake. Aende na vyeti halisi, na nakala tatu za CV.