Kubadilisha prosesa, i5-4570 kwenda i7-4770 ya mtumba kwa laki na ishirini: inalipa kwa gemu?

Mkazi_Nkuhungu:
Wakuu habarini. Nina Dell OptiPlex 9020 ya mnara: i5-4570, RAM GB 8 (kipande kimoja), kadi ya picha GTX 1650 isiyohitaji waya wa umeme, SSD, monita ya 1080p 60Hz. Duka moja hapa Dodoma wana i7-4770 ya mtumba kwa 120,000. CS2 na GTA V zinakwamakwama, hasa watu wakiwa wengi. Niichukue, au hela iende kwingine?

Fundi_wa_Kati:
Mkuu, usitoe hata mia kabla hujajua kinachobana ni nini. Zima V-Sync kwanza (inafungia picha kwenye kasi ya monita), la sivyo fremu zitagota 60 kwa sekunde na kipimo kitakudanganya. Kisha shusha resolusheni kutoka 1080p hadi 720p, mipangilio mingine usiiguse. Fremu zikipanda sana, aliyeelemewa ni kadi ya picha, na i7 haitakusaidia. Zikibaki palepale, prosesa ndiyo inayochelewesha. Hakikisha kwa programu ya kupimia ya MSI Afterburner: kadi ikiwa 60% huku thredi (njia za kazi) zote nne za i5 zikiwa 100%, hapo i7 ina hoja.

Ila ujue unanunua nini. 4570 ina kori 4, thredi 4, na inafika 3.6 GHz. 4770 ina kori 4 zilezile, thredi 8, na inafika 3.9 GHz. Kasi ya kori moja inaongezeka kama asilimia 8 tu, kwa hiyo wastani wa FPS (fremu kwa sekunde) hautapaa. Utakachopata ni kupungua kwa kukwama, kwa sababu Discord, kivinjari na kazi za Windows zinapata pa kupita bila kuisukuma gemu pembeni.

Na hiyo RAM ya kipande kimoja inaniudhi zaidi kuliko prosesa. DDR3-1600 moja inapitisha GB 12.8 kwa sekunde. Mbili zinapitisha 25.6. Halafu GB 8 zikijaa, Windows inahamishia mzigo kwenye SSD, nawe unaona kukwama kulekule unakoilaumu i5.

Area_C:
Naongezea joto. Kiangazi cha huku vumbi linajaa kati ya feni na mapezi ya hitsinki (chuma cha kupoza prosesa) hadi linakuwa kama blanketi. Prosesa hizi zikikaribia nyuzi 100 zinajipunguzia kasi zenyewe. Fungua HWiNFO, programu ya kusoma joto na kasi, ukiwa ndani ya gemu: 4570 ikishuka chini ya 3.2 GHz huku joto liko juu, tatizo ni usafi. Puliza kwa blowa huku umeshika feni isizunguke, badilisha pesti ya kupitisha joto, ndipo upime upya.

Mkazi_Nkuhungu:
Asanteni wakuu. Nimepima: joto 71, kasi haishuki. Kwa 720p GTA V fremu zimepanda kidogo sana. RAM inasoma 7.6 kati ya 8.

Fundi_wa_Kati:
Basi prosesa na RAM vyote viwili vinabana, ila anza na RAM. Chukua GB 8 nyingine ya DDR3-1600 ya deskitopu (ya laptopu haiingii), uichomeke kwenye sloti ya chaneli ya pili. Cheza hivyo wiki moja ndipo uamue.

Mtaalamu_Makulu:
Ukirudi kwenye i7, soma maandishi ya juu ya bati la prosesa. 4770 kamili imeandikwa SR149. 4770S ni ya wati 65 na inaanzia 3.1 GHz, 4770T ni wati 45 na inaanzia 2.5. Hizo usizilipie bei moja na SR149. Ikiandikwa INTEL CONFIDENTIAL, iache, ni sampuli ya majaribio. 3770 ni soketi 1155 na 6700 ni 1151, hazikai kwenye soketi 1150 yako. Umeme usiogope: 4570 na 4770 zote ni wati 84.

Sasisha BIOS (programu ya msingi ya mazabodi) kabla ya kubadilisha, tena ukiwa kwenye UPS (betri ya akiba), maana umeme ukikatika katikati mazabodi inaweza kufa. Pini ziko kwenye mazabodi, kwa hiyo prosesa ishushe wima, usiiburute. Pesti kiasi cha punje ya choroko, skrubu za hitsinki kaza kwa mshazari, kidogokidogo.

Bei mwambie ashuke. Windows 11 haiitambui rasmi 4770, na zaidi ya familia ya 4790 mazabodi yako haina pa kwenda. Mkubaliane pia kwamba ikikataa kuwaka kwenye mashine yako, anaipokea na kurudisha hela.